Mwenyekiti wa chama tawala akiondoka, na kiti cha nchi kinaondoka naye? Jibu kwa msomaji wa Masasi

"Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Masasi, nina banda la kutengeneza simu karibu na stendi, ila kwetu ni kijijini huko ndani na bado ni mjumbe wa tawi la chama. Jioni kijiweni tumebishana mpaka watu wakataka kununiana. Mmoja anasema Uingereza mwaka 2022 walibadilisha waziri mkuu mara mbili na wananchi hawakupiga kura hata moja, kwa hiyo ule ni udikteta wa chama. Mzee mwingine akasema mbona hata sisi 2021 chama ndo kilimchagua Mama Samia. Mi nikasema hapana ile ni katiba, ila nilipoulizwa katiba inasemaje nikakwama. Halafu lipo linalonigusa mwenyewe. Mwenyekiti wetu wa kijiji amehamia Dar kwa watoto wake tangu msimu wa korosho uishe, sasa wenzangu wa tawi wanasema kiti ni cha chama, tukae tawini tumchague mwingine, tuandike muhtasari, tusaini, yaishe. Nisaini au nisisaini? Naomba unieleweshe taratibu."

Marahaba kijana wangu, na poleni na ubishi. Nianze na la haraka maana nahisi ndo linalokunyima usingizi: usisaini kwanza. Sababu ntakueleza, ila nataka uifikie mwenyewe baada ya kuyaelewa hayo mengine, kwa sababu ubishi wenu wa Uingereza na huo muhtasari wa tawi ni jambo moja, mnalibishania kijiweni likiwa mbali halafu tawini linawajia likiwa limevaa kanzu nyingine.

Mtu akikwambia kiongozi wa chama tawala anaondoka, swali la kwanza muulize anaondoka kwenye kofia ipi. Maana kiongozi wa chama kinachotawala mara nyingi anavaa kofia mbili, moja ya chama na moja ya nchi, na kila kofia ina mwenye nayo. Chukulia mtu wa hapo kijijini kwenu ni mwenyekiti wa AMCOS, ule ushirika wa wakulima, na hapohapo ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Wanachama wa AMCOS wakikaa wakamtoa kwa sababu ya hela za korosho, hakuna atakayekwenda msikitini kutangaza kwamba na huku ametoka, kwa sababu waliomweka huku sio waliomweka kule. Anaweza akaona aibu akaachia na huku, hiyo ni hiari yake, lakini AMCOS haina mkono wa kufika msikitini. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yako yameisha.

Sasa tuje kwetu Tanzania. Rais anachaguliwa na wananchi wote kwa kura ya moja kwa moja, mwenyekiti wa CCM anachaguliwa na Mkutano Mkuu wa Taifa wa chama. Hizi kofia zimewahi kukaa kwenye vichwa viwili tofauti na nchi ikaenda. Mwalimu Nyerere aliachia urais Novemba 1985, Mzee Mwinyi akaingia Ikulu, lakini uenyekiti wa chama Mwalimu alibaki nao mpaka 1990, miaka mitano kamili rais ni mtu mwingine na mwenyekiti wa chama ni mtu mwingine, na enzi zile chama ni kimoja tu. Akaja mzee wetu Mkapa, mtoto wa Lupaso hapohapo wilayani kwenu, aliapishwa kuwa rais Novemba 1995 lakini uenyekiti akakabidhiwa 1996. Kikwete rais Desemba 2005, mwenyekiti Juni 2006. Magufuli rais Novemba 2015, mwenyekiti Julai 2016. Unaona mwendo wake? Anayetoka Ikulu anabaki na chama miezi kadhaa, halafu anaitisha mkutano Dodoma anakabidhi. Hii ni desturi ya chama, na watu wameizoea hivyo mpaka wanadhani kofia ni moja.

Kabla ya hapo kuna la zamani zaidi ambalo vijana wengi hamlijui. Januari 1962, nchi ina uhuru wa wiki sita tu, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kuijenga TANU mikoani, serikali akaishika Rashidi Kawawa mpaka Desemba mwaka huohuo Nyerere aliporudi akiwa rais. Yani kiongozi alivua kofia ya serikali akabaki na ya chama kwa hiari yake. Ukiwaeleza hilo wazee hapo kijiweni wapo watakaokumbuka, waulize.

Mwaka 2021 sasa. Mzee wenu kakosea, ila tusimuonee, kakosea nusu. Kifo cha Rais Magufuli kilitangazwa tarehe 17 Machi, tarehe 19 Machi Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Kati ya hizo siku hakuna mkutano wa chama uliomchagua na wala haukuhitajika, kwa sababu ibara ya 37(5) ya Katiba inasema kiti cha rais kikiwa wazi, iwe kwa kifo, kujiuzulu, kupoteza sifa au kushindwa kazi kwa maradhi, makamu wa rais ataapishwa na kumalizia muda uliobaki wa ile miaka mitano. Basi. Hapo ulikuwa sahihi wewe. Jina lake lilishapigiwa kura Oktoba 2020 pamoja na la rais, maana mgombea mwenza mnampigia kura kwenye karatasi ileile hata kama macho yenu yapo kwa yule mkubwa.

Nusu ya mzee iko wapi? Chama kinaingia kwenye mambo mawili. La kwanza, ibara hiyohiyo inasema rais mpya atashauriana na chama chake halafu apendekeze jina la makamu, na Bunge lithibitishe kwa kura zisizopungua asilimia 50 ya wabunge wote, ndivyo Dokta Mpango alivyopitishwa mwishoni mwa Machi 2021. La pili ni ile kofia nyingine, uenyekiti, ambayo Mama Samia alichaguliwa tarehe 30 Aprili 2021 kwenye Mkutano Mkuu Maalumu Dodoma. Hesabu mwenyewe, kati ya tarehe 19 Machi na 30 Aprili ni wiki sita nchi ina rais kamili na chama hakina mwenyekiti kamili. Hakuna kilichosimama, mishahara ilitoka, meli zilitia nanga hapa bandarini Mtwara kama kawaida. Nadhani hilo peke yake linatosha kumjibu mtu anayesema nchi inatoka kwenye kiti cha chama.

Na ukiulizwa je chama kikimvua rais uenyekiti, urais unakwisha? Hapana. Chama kinaweza kumnyima jina uchaguzi ujao, kinaweza kumfanya aone dunia nzito, lakini kumtoa rais aliye madarakani kwa nguvu ni kazi ya Bunge kwa ibara ya 46A, na pale inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wote. Ila usilipeleke hili kwa mbunge. Mbunge akikosa uanachama wa chama kilichompitisha, ubunge unakwenda. Watu wanachanganya sana hapa, wanaona mbunge kafukuzwa chama kapoteza jimbo wanasema basi na rais ni vilevile.

Haya, Uingereza. Rafiki yako kasema kweli tupu kuhusu kilichotokea halafu akafika mahali sipo. Ni kweli 2022 aliondoka Boris Johnson akaja Liz Truss, akaondoka Liz Truss akaja Rishi Sunak, na uchaguzi mkuu haukuitishwa. Lakini Muingereza hajawahi kupiga kura ya waziri mkuu hata siku moja. Anapiga kura ya mbunge wa jimbo lake, halafu mtu anayeungwa mkono na wabunge wengi ndiye anayeitwa na mfalme au malkia aunde serikali. Kule kofia mbili zimeshonwa pamoja, kiongozi wa chama chenye wabunge wengi ndo waziri mkuu, kwa hiyo chama kikibadilisha kiongozi wake moja kwa moja kimebadilisha waziri mkuu. Sio ujanja na sio mapinduzi, ni mfumo wenyewe ulivyo. Ni kama huku kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo unafuata kwa mama na mrithi wa mjomba ni mpwa wake. Mgeni kutoka bara akija kwenye msiba akashangaa kwanini mtoto wa marehemu hakupewa, hajaona dhuluma, kakuta kanuni asiyoizoea.

Kwa sababu umeomba taratibu, nikueleze walivyofanya maana mule mna somo kubwa. Johnson alichoshwa na watu wake mwenyewe. Juni 2022 wabunge wa chama chake cha Conservative walimpigia kura ya kutokuwa na imani akapona kwa 211 dhidi ya 148, mwezi uliofuata mawaziri wakaanza kujiuzulu kwa mafungu mpaka tarehe 7 Julai akatangaza anaachia. Akaendelea kukaa ofisini mpaka mrithi apatikane, hicho ni kitu watu hawakielewi, anayeondoka haachi ufunguo mezani na kukimbia. Wagombea wanane walianza, wabunge wakawa wanapiga kura raundi kwa raundi wa mwisho anatoka, mpaka wakabaki wawili, Sunak na Truss. Kwa wabunge Sunak ndo aliongoza, 137 kwa 113. Hapo sasa majina mawili yakapelekwa kwa wanachama wa kawaida wa chama, wale wenye kadi wanaolipa ada, nao wakageuza meza, Truss 81,326 Sunak 60,399. Tarehe 6 Septemba akawa waziri mkuu.

Angalia kilichofuata. Wabunge wengi hawakuwa wamemtaka tangu mwanzo. Mwishoni mwa Septemba serikali yake ikatangaza kupunguza kodi kwa kiasi kikubwa bila kuonyesha hela ya kuziba pengo itatoka wapi, paundi ikaporomoka, na ilipotokea shida hakuwa na watu wa kumkinga bungeni. Tarehe 20 Oktoba akatangaza kujiuzulu, kwa jumla alikaa siku 49. Safari ile chama hakikutaka tena mzunguko wa wiki nyingi, wakaweka sharti kwamba mgombea awe na wabunge 100 wa kumpendekeza, akafikisha Sunak peke yake, kura ya wanachama haikupigwa kabisa. Yani mtu aliyekataliwa na wanachama mwanzoni mwa Septemba ndiye waziri mkuu mwishoni mwa Oktoba, ndani ya chama kilekile, kwa sababu tu kanuni ya nani apige kura ilibadilika. Hapo kwenye neno la udikteta mwambie rafiki yako wananchi walisubiri zamu yao, ikafika tarehe 4 Julai 2024 na chama kile kikabakiwa na viti 121 tu kati ya 650.

Afrika Kusini wapo katikati ya sisi na Uingereza. Wana rais lakini anachaguliwa na Bunge, sio na wananchi moja kwa moja, kwa hiyo chama chenye wabunge wengi, na kwa miaka mingi kilikuwa ANC, kina mkono mrefu unaofika Ikulu. Rais Mbeki alishindwa uongozi wa chama na Zuma kule Polokwane Desemba 2007, Septemba 2008 chama kikamwambia ondoka, akaondoka, Motlanthe akakaa kwa muda. Miaka kumi baadaye Zuma mwenyewe yakamkuta, Ramaphosa alipata uongozi wa chama Desemba 2017, Februari 2018 Zuma akajiuzulu urais. Kwenye mfumo wa namna hii, siku chama kinachagua kiongozi mpya, yule wa zamani ameshaanza kufunga mizigo hata kama muda wake haujaisha.

Na hapa jirani Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Wengi hapa Mtwara tuna shangazi na wajomba Mueda kwa hiyo hili mlilifuata kwa karibu. Filipe Nyusi, mzaliwa wa Mueda aliyesoma shule ya Frelimo Tunduru enzi za vita vya ukombozi, alipitishwa na Kamati Kuu ya Frelimo Machi 2014 kuwa mgombea, akaapishwa Januari 2015. Lakini uenyekiti wa chama alibaki nao Guebuza, rais aliyemaliza muda wake. Nchi ikawa na rais ambaye kwenye vikao vya chama ana bosi wake. Haikudumu, mwisho wa Machi 2015 Guebuza akaachia na Nyusi akachukua vyote. Mi naamini kofia mbili kwenye vichwa viwili zinawezekana tu kama yule mzee aliyebaki na chama anaheshimiwa na anajua kujizuia, na yule wa Ikulu hana wasiwasi naye. Kwa Mwalimu na Mzee Mwinyi ilishika. Kwingine inakuwa kama jiko moja wapishi wawili.

Sasa nani apige kura ya kumpata mrithi ndani ya chama? Hapa ntakupa mawazo yangu, unaweza kunipinga. Wakichagua wabunge peke yao inakwenda haraka na anayepatikana anaweza kufanya kazi na Bunge, lakini watu wa chini wanaona wameletewa. Wakichagua wanachama wote inapendeza kwenye macho, ila mwanachama wa kawaida anaamua kwa hotuba na hajakaa na mgombea kwenye kikao kizito hata siku moja, ya Truss umeyaona. Wakichagua wajumbe wa mkutano mkuu, kama tunavyofanya sisi, unapata watu kutoka kila mkoa waliotumwa na wenzao, lakini wajumbe elfu mbili ni wachache kiasi cha kufuatwa mmoja mmoja hotelini na bahasha. Na ipo ya nne ambayo siipendi kabisa, anayeondoka kumshika mkono mtu wake na kusema huyu hapa. Moi alifanya hivyo Kenya 2002, akamsimamisha Uhuru Kenyatta, vigogo wa KANU wakakasirika wakahamia kwa Kibaki, na chama kilichotawala tangu 1963 kikaanguka Desemba ileile. Kwangu mimi wajumbe ndo njia yenye madhara machache, kwa masharti mawili: kura iwe ya siri na majina yawe zaidi ya moja, na kanuni ziwe zimejulikana kabla majina hayajajulikana. Hilo la pili ndo ninaloling'ang'ania. Kanuni ikitungwa wakati watu wameshajua nani anataka kiti, kila mtu anaisoma kama imeshonwa kwa kipimo cha mtu fulani.

Ngoja nikukumbushe 1995 maana ni historia ya wilaya yako. Nyerere akiwa hai na akimuunga mkono waziwazi Mkapa, bado Mkutano Mkuu ulipewa majina matatu, Mkapa, Kikwete na Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza! Hakufikisha nusu, wakarudia wawili wa juu, Mkapa akapita kwa kura chache. Kikwete akakubali, akasubiri miaka kumi, zamu yake ikafika. Walioshindwa walikubali kwa sababu walihesabiwa mbele ya macho yao.

Linganisha na 2015 ambayo Lindi wanaikumbuka kwa uchungu. Watu zaidi ya thelathini walirudisha fomu, Kamati Kuu ikachuja wakabaki watano, yumo mtoto wa Rondo, marehemu Bernard Membe. Halmashauri Kuu ikawapunguza wakabaki watatu, Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali, Membe nje. Wakati huo Lowassa alikatwa mapema kabisa kabla hata ya kura, akatoka na watu wake akaenda upinzani, akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais. Mimi sisemi nani alistahili, kila mtu ana mtu wake. Ninachokiona ni kwamba maumivu makubwa yalitoka kwa aliyekatwa kwenye kikao cha watu wachache, mlango umefungwa, kuliko kwa aliyeshindwa ukumbini kwa kura.

Yako pia mazingira ambayo taratibu zote zinaingia majaribuni, mrithi wa kikatiba akiwa amegombana na chama. Malawi Aprili 2012 Bingu wa Mutharika alifariki ghafla na makamu wake Joyce Banda alishafukuzwa chama na kuanzisha chake. Baadhi ya mawaziri walijaribu kusema hawezi kuapishwa kwa kuwa sio wa chama tawala tena. Katiba yao ilisema makamu, haikusema makamu anayependwa, akaapishwa siku mbili baada ya kifo. Chama tawala kikaamka asubuhi kikiwa upinzani. Zambia wakati ule walikuwa na njia nyingine, rais akifa uchaguzi ndani ya siku 90, waliufanya 2008 baada ya Mwanawasa na wakaurudia Januari 2015 baada ya Sata, na ile ya Sata chama kiligawanyika vibaya kugombea nani apeperushe bendera kabla msiba haujapoa. Mwaka 2016 wakabadilisha katiba, sasa makamu anamalizia muda kama sisi.

Mmoja wenu asije akadhani haya ni ya majirani tu. Ibara ya 40 inasema makamu akimalizia muda uliobaki na muda huo ukawa miaka mitatu au zaidi, anaruhusiwa kugombea mara moja tu baada ya hapo. Mama Samia alipokea ikiwa imebaki zaidi ya miaka minne, na akagombea 2025. Kwa Katiba ilivyo leo 2030 CCM lazima itafute jina jipya. Kwa hiyo ubishi wa kijiweni mnaoufanya sasa uendeleeni nao lakini mkiwa na Katiba mkononi, inapatikana kwa Kiswahili, unaweza kuipakua kwenye simu na wewe kazi yako ni simu.

Sasa turudi kijijini kwako.

Wenzako wanasema kiti ni cha chama. Nawaelewa walipolitoa, mwenyekiti wenu alipita kwa bendera ya chama, kwa sheria zetu huwezi kugombea bila chama, kura za maoni mlimpigia nyie tawini. Lakini aliyemchagua kuwa mwenyekiti wa kijiji ni kijiji, watu wote wa miaka 18 na kuendelea, wenye kadi na wasio na kadi, wa chama chenu na wa upinzani. Tawi lilimpa jina, kijiji kikampa kiti. Nyie tawini mna uwezo kamili juu ya mwenyekiti wa tawi, akihama mnafuata kanuni za chama mnajaza nafasi. Mwenyekiti wa kijiji tawi haliwezi kumchagua hata mkikaa wajumbe wote na mhuri juu. Kazi ya tawi inakuja baadaye, uchaguzi mdogo ukitangazwa mnapendekeza mgombea wenu kama vyama vingine.

Tena swali la kabla ya hapo: kiti kweli kipo wazi? Kuhamia Dar kwa watoto sio kujiuzulu. Kuna barua? Aliiandika kwa nani, ilipokelewa lini, ilisomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji? Kama hakuna karatasi, inawezekana kwa kumbukumbu za halmashauri bado yeye ndo mwenyekiti na anarudi mwezi ujao anakuta mmemweka mtu kwenye kiti chake. Mpigieni simu kwanza, mzee wa watu, mumuulize ana nia gani. Akisema nimeachia, aandike.

Na sikutishi, ila naomba uone uzito wa hiyo saini. Halmashauri ya kijiji ndo inasimamia ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mtu aliyewekwa na tawi akianza kugonga mhuri kwenye mauziano ya mashamba ya mikorosho, mwaka mmoja mbele mnunuzi mmoja akienda baraza la ardhi, swali litakuwa huyu aliyesaini alipata wapi madaraka, na kitatolewa huo muhtasari wenu na jina lako mstari wa nne. Nimewahi kukaa na familia iliyopoteza miaka mitatu kwa kesi ya namna hii, mzizi wake ulikuwa kikao kimoja cha watu wenye nia njema kabisa.

Kwa hiyo kwa wenzako usiende kwa ubishi, wataona umenunuliwa. Waambie unakubali kiti kisikae wazi, ila kijazwe kwa njia ambayo mtu wenu hatang'olewa. Jumatatu nenda kwa mtendaji wa kijiji, mwambie akuonyeshe kama kuna barua ya kujiuzulu na nani anaongoza vikao kwa sasa kwa mujibu wa kanuni. Akikuzungusha panda kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, pale ndipo taarifa ya nafasi iliyo wazi inapotakiwa ifike ili uchaguzi mdogo upangwe. Na katibu wa chama wa wilaya mfuateni kama tawi, mkono kwa mkono, atawaeleza chama kinaingia hatua gani.

Ukiona kuna ardhi imeshauzwa katikati ya haya, au fedha za kijiji zimetoka, au mtu anakutisha usaini, hapo usitegemee maandishi yangu wala ya mtu yeyote mtandaoni. Tafuta wakili au msaidizi wa kisheria, halmashauri wana afisa maendeleo ya jamii atakayekuelekeza walipo wasaidizi wa kisheria wa bure wa wilaya yako. Nenda na nakala ya huo muhtasari hata kama haujasainiwa, tarehe za vikao, na majina ya waliokuwepo. Na kama ulishasaini kabla hujasoma hapa, usiogope wala usichane kitu, andika barua fupi ya kuondoa saini yako, weka tarehe, peleka nakala kwa mtendaji akugongee mhuri wa kupokea, ya kwako ibaki nyumbani.